Funika Ukurasa kwa Kiganja

Jumanne iliyopita nilipigiwa simu mbili jioni moja. Ya kwanza ilitoka kwa binti niliyemfundisha darasa la tatu, ambaye sasa ni mwalimu mwenye miaka kumi na minne kazini. Asubuhi ile alikuwa amekabidhiwa barua ya kuwa Afisa Elimu Kata. "Shikamoo mama. Nimepewa kata yenye shule sita za msingi na mbili za sekondari. Naanzia wapi?" Ya pili ilitoka kwa mwenzangu tuliyekaa naye ofisi moja miaka saba. Mwakani anatimiza miaka 60, na usingizi umeanza kumpaa. "Dada, wewe umeshavuka. Niambie nifanye nini kabla sijachelewa."

Nilijikuta nawajibu wote wawili jambo moja: usiridhike na karatasi uliyoletewa, inuka ukaone mwenyewe. Kwa simu maneno hayo hayakutosha, ndiyo maana nayaandika hapa kwa urefu. Najua wako wengi wanaopanda ngazi kama yule binti, na wengi wanaoshuka kama mwenzangu. Mimi ngazi hiyo nimeipanda na kuishuka kwa miaka 39 katika elimu ya msingi, tisa ya mwisho nikiwa Afisa Elimu Msingi wa wilaya.

Nilimaliza Chuo cha Ualimu Korogwe mwaka 1981, na mwanzoni mwa 1982 nikapangiwa Urambo, mkoa wa Tabora. Mimi ni mtoto wa milima ya Upare, Mamba Miamba, wilaya ya Same, na hadi siku ile nilikuwa sijaona nchi isiyo na mlima hata mmoja wa kukuonyesha nyumbani kuko upande gani. Nilishuka treni ya reli ya kati na sanduku la bati, godoro la sufi na mche mmoja wa sabuni ambao mama aliukata vipande vinane, kwa sababu miaka ile sabuni ilitafutwa kama dawa. Kutoka stesheni hadi shuleni ni mwendo wa saa nne kwa baiskeli. Walimu tulikuwa watano, watoto zaidi ya mia tatu.

Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe darasani ifikapo 1977, na watoto walikuja kweli. Wazazi walijenga madarasa ya miti na udongo, na vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa UPE. Leo watu hutamka "mwalimu wa UPE" kama tusi. Mimi sikubali. Kati ya wale watano, wawili walikuwa walimu wa UPE, na mmoja wao ndiye mwalimu bora wa darasa la kwanza niliyepata kumwona maishani mwangu. Alikuwa na vijiti mia moja vya kuhesabia ndani ya mfuko wa chumvi, na hakuna mtoto aliyetoka darasani kwake bila kujua kwamba saba ni vijiti saba.

Mimi nilipewa darasa la pili. Baada ya miezi miwili nilimwendea mwalimu mkuu nikiwa na furaha, nikamwambia darasa zima linasoma. Alikuwa Mnyamwezi mtu mzima, mpole, sasa ni marehemu. Hakusema kitu. Kesho yake alikuja, akakaa kwenye tofali la nyuma kabisa kama walivyokaa watoto, akamwita kijana mmoja na kitabu chake. Kijana akafungua, akaweka kidole chini ya mstari, akaanza kusoma vizuri, bila kukwama. Akiwa katikati ya sentensi, mwalimu mkuu alinyoosha mkono wake mpana akaufunika ukurasa wote kwa kiganja. "Endelea, baba." Kijana akaendelea. Akasoma hadi nukta ya mwisho, kidole chake kikitembea juu ya vifundo vya mkono wa mwalimu mkuu.

Tuliita watoto wengine. Zaidi ya nusu ya darasa walisoma kiganja.

Hakunikemea mbele yao. Tulipotoka nje aliniambia tu, "Wanaimba vizuri. Kesho anza na ba, be, bi, bo, bu, na usiogope kuchelewa." Ilinichukua hadi mwezi wa sita. Lakini tangu siku ile, kila nilipoletewa taarifa nzuri, nilijiuliza ukurasa huu ukifunikwa nini kitabaki.

Kwa hiyo mwanangu uliyepewa kata, hapo ndipo pa kuanzia. Usianze kwa kuwaita walimu wakuu ofisini kwako na mafaili. Nenda shuleni bila kupiga simu siku moja kabla, msalimie mwalimu mkuu kwa heshima zote kwa sababu ile ni nyumba yake, kisha omba kukaa nyuma ya darasa la pili. Kaa kipindi kizima. Usiandike chochote mbele ya mwalimu, maana ukiandika anaacha kufundisha watoto na kuanza kufundisha kalamu yako. Ukimaliza, mshukuru. Ita watoto watatu wasiochaguliwa na mtu, uwasomeshe, na ufunike.

Halafu nenda chooni. Nasema hivi bila kuona haya, kwa sababu nimewaona maafisa wengi wakizunguka shule nzima, wakahesabu hadi miti, na choo cha watoto wakakitazama kwa mbali. Mwongozo wetu unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu matundu, lakini usiishie hapo. Sukuma mlango, uingie, jaribu kujifungia. Niliwahi kufika shule moja ambayo taarifa yake ilikuwa safi kabisa: matundu yametosha, maji yapo, milango ipo. Milango ilikuwepo kweli, ila kwa ndani hakukuwa na komeo hata moja. Nilipofungua daftari la mahudhurio la darasa la sita na la saba, nikaona wasichana walewale wanakosekana siku tatu au nne kila mwezi, kwa zamu, kama waliopangiana. Niliwauliza wawili wao chini ya mwembe. Mmoja alitazama chini, mwingine akasema, "Madam, mlango haufungi." Komeo moja la chuma dukani lilikuwa bei ya soda mbili. Fundi aliyafunga makomeo yote asubuhi moja. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kujadili utoro wa wasichana, na komeo sijawahi kulisikia likitajwa.

Utoro wenyewe una kalenda yake, na kalenda hiyo haiko ukutani kwa mwalimu mkuu. Kule Urambo ilikuwa tumbaku. Majani yakianza kuchumwa, mabani ya kukaushia yakaanza kuwashwa, watoto wanabeba kuni mchana na usiku wanakesha kuchochea moto, maana bani likipoa mzigo unaharibika. Asubuhi mtoto anakuja amelala huku anatembea. Mwaka wangu wa kwanza niliwachapa kwa kusinzia, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Mwaka wa pili mwalimu mkuu alinichukua usiku tukazunguka mabanini. Tulikaa na wazazi kwenye moto, tukala matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukaongea tumbaku kwanza, shule baadaye. Wakakubaliana wenyewe kwamba watu wazima wakeshe kwa zamu na watoto walale. Haikutekelezwa katika kila kaya, lakini madarasa yalijaa kuliko mwaka uliopita. Kama kata yako ni ya wavuvi, nenda mwaloni. Kama ni ya wafugaji, jua mwezi ambao ng'ombe wanahamishwa. Siku ya mnada ni siku gani? Ukilijua hilo utakuwa umesoma nusu ya daftari la mahudhurio kabla hujalifungua.

Nilikuwa mwalimu mkuu mwaka 1991, mratibu elimu kata mwaka 1999. Nitapita haraka hapo ingawa ndiyo miaka niliyochoka zaidi. MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002, na ada ya shule ya msingi ikiwa imefutwa, mistari ya uandikishaji ilifika barabarani. Kulikuwa na watoto wa miaka kumi na mbili wanaoanza darasa la kwanza na wadogo zao. Fedha za ujenzi zilipelekwa hadi akaunti ya shule, na wanakijiji wakachangia mawe, mchanga na nguvu zao. Hapo nilijifunza kwamba bandiko la mapato na matumizi ukutani lina maana endapo tu umelisoma kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Wazazi wengi walilipita kama wanavyopita tangazo la zamani.

Ofisi ya wilaya ni jambo jingine. Niliingia nikiwa nimepitia mafunzo kwenye chuo cha uongozi wa elimu, ADEM Bagamoyo, na shahada ya Chuo Kikuu Huria, nikidhani niko tayari. Kilichonishinda mwanzoni ni benchi. Kila asubuhi nje ya mlango wangu walikaa walimu kumi, kumi na tano. Huyu anaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, yule hajalipwa nauli ya likizo miaka miwili, mwingine amepandishwa daraja kwenye barua lakini mshahara haujasogea. Ukiwaacha wakae hapo hadi saa nane, umewanyima watoto wao vipindi vya siku nzima, na huenda mwingine ametembea tangu alfajiri. Nilipanga saa mbili za kwanza ziwe za walimu wanaotoka mbali, vikao baadaye. Wakubwa wangu hawakupenda sana, lakini walizoea.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wangu wa pili mezani pale. Ikama, yaani kiwango cha walimu wanaotakiwa shuleni, ilitaka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nilikuwa na shule ya pembezoni yenye walimu wawili na watoto zaidi ya mia tatu, na shule ya mjini yenye walimu wa ziada. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nyepesi. Nikachukua jina la binti mmoja mwenye mtoto mchanga, nikasaini barua. Sikwenda kutazama angelala wapi. Alifikia kwenye stoo ya shule, pembeni ya magunia ya mahindi ya chakula cha watoto, kilomita ishirini na kitu kutoka zahanati. Alivumilia miezi minne. Siku aliyorudisha ufunguo alikuja ofisini kwangu, akaweka barua ya kuacha kazi mezani kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mama." Hakulalamika. Alikuwa mwalimu mzuri wa hisabati, na serikali ilimpoteza kwa sababu mimi sikupanda gari siku moja. Baada ya hapo sikusaini uhamisho wowote wa kwenda pembezoni kabla ya mtu wa ofisi yangu kuingia ndani ya chumba atakacholala mwalimu na kuniambia kama mlango unafunga na maji yako umbali gani. Ninyi mlio kwenye viti hivyo sasa, nawasihi sana katika hili. Serikali ya kijiji ikijua mwalimu anakuja na ikaombwa mapema kwa adabu, hutafuta nyumba. Ikishtukizwa, hutoa stoo.

Kuhusu mitihani nitasema kwa uwazi. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa kompyuta, maswali yote ya kuchagua, hisabati ikiwamo. Kilio cha wakuu wa shule za sekondari kikawa kikubwa kuliko zamani: wanapokea kidato cha kwanza mtoto asiyeweza kuandika jina lake. Wakati huohuo vikao vya tathmini vilikuwa vinapanga shule na wilaya kwa asilimia, ya kwanza hadi ya mwisho, na aliye mkiani anasimamishwa mbele ya wenzake. Unafikiri mwalimu mkuu atafanya nini? Atakusanya nguvu zote darasa la saba, walimu hodari wote huko, na darasa la kwanza na la pili atampa mwalimu mgonjwa au aliyebakiza miezi ya kustaafu. Nilipiga marufuku jambo hilo wilayani kwangu. Mwalimu hodari wa kusomesha alikaa madarasa ya chini, na alipata kipaumbele cha nyumba. Mtaala wa KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, ulipokuja kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, niliupokea kama mvua.

Nikaweka na utaratibu mwingine. Afisa yeyote wa idara yangu akienda shule yoyote, hata kama ameenda kukagua madawati tu, lazima aite watoto watatu wa darasa la pili na afunike ukurasa. Majibu tuliyaandika kwenye daftari la kawaida lililokaa kwenye droo yangu, hayakupelekwa mkoani, hayakumfukuzisha mtu kazi. Katika shule moja iliyokuwa ya tatu wilayani kwa matokeo, watoto watano kati ya sita waliendelea kusoma karatasi iliyofunikwa. Tulikaa na walimu wale mwaka mzima. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 na darasa la kwanza likafurika tena kama siku za MMEM, daftari lile ndilo lililonionyesha pa kupeleka walimu wachache niliokuwa nao.

Siwezi kuandika habari za ofisi nikaruka Aprili 2017, pale Rais Magufuli alipokabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa walimu wangu. Nakubali kwamba cheti cha mtu mwingine hakiwezi kuwa chako. Lakini niliwaita mmoja mmoja, nikafunga mlango, nikawaambia kwa mdomo wangu kabla hawajasikia kwa jirani, na wengine walikuwa wamebakiza miaka miwili, mitatu. Mwaka 2022 Serikali iliruhusu warudishiwe michango yao ya pensheni. Niliwatafuta niliowajua nikawapa habari hiyo, kwa sababu wawili walikuwa hawajaisikia.

Sasa nakuja kwako, mwenzangu unayehesabu miezi.

Sheria unaijua: 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, na taarifa unaitoa miezi sita kabla. Miezi sita haitoshi. Mimi nilianza mwaka mzima kabla, na bado nilikimbizana. Nenda masijala uombe kuliona jalada lako, ulifungue mwenyewe, karatasi moja baada ya nyingine. Miaka yote ile nilikuwa nimekagua majalada ya wengine na langu sikuwahi kuligusa. Nilitafuta barua ya ajira ya kwanza, ikawepo. Barua ya kuthibitishwa kazini haikuwemo. Jina la baba yangu lilikuwa na herufi moja zaidi kwenye barua ya kupandishwa daraja, na hiyo peke yake ilinipeleka mahakamani kuapa hati ya kiapo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Jalada la miaka 39 limehama wilaya nne, limebebwa kwenye malori, limenyeshewa.

Barua ya kuthibitishwa niliifuata Urambo. Nilirudi kwenye shule ile ya kwanza baada ya miongo mingi. Madarasa ya udongo hayapo tena, sasa ni ya tofali za kuchoma, lakini kwenye ofisi ya mwalimu mkuu kabati la mninga lilikuwa lilelile. Kijana anayeongoza shule sasa alinisaidia kuvuta mafaili hadi jioni. Tuliipata. Nakala ya kaboni, imepigwa kwa taipureta, mwaka 1984, mchwa wamekula pembe ya chini na kuacha tarehe na sahihi. Nilikaa kwenye kiti nikaishika bila kusema. Kijana yule akatoka nje kimya kimya akaniachia chumba.

Kwa sababu hiyo mafao yangu yalitoka mwezi wa tatu baada ya kustaafu. Rafiki yangu tuliyestaafu naye mwezi mmoja alianza kutafuta barua zake akiwa tayari nyumbani, akakaa zaidi ya mwaka akila kwa watoto.

Omba pia taarifa ya michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ukiwa bado na mwajiri. Makato ni asilimia 5 kutoka kwako na 15 kutoka kwa mwajiri. Pitia mwezi kwa mwezi, hasa miezi uliyohama kituo na miaka ya kabla ya 2018, mifuko ilipokuwa bado haijaunganishwa. Kuhusu kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao, usiishi kwa hesabu ya mwenzako aliyetangulia. Mimi nilistaafu 2021, nikalipwa mkupuo, yaani fedha za mara moja, kwa ile asilimia 50 ya zamani. Waliotoka kuanzia Julai 2022 walikuta asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 kwa watu wa kundi letu la asilimia 50 ya zamani ikapandishwa kuwa 40. Ukipanga nyumba ya bati la rangi kwa mkupuo wangu, utaishia kwenye lenta. Hesabu mkupuo wako, na uandike kando pensheni ya kila mwezi, maana hiyo ndiyo utakayoishi nayo.

Nyumba ijengwe kabla. Hili najua unalijua, nalirudia tu.

Utapigiwa simu na matapeli. Si kama utapigiwa, utapigiwa. Mimi nilipigiwa siku ya kumi na moja. Alinitaja majina yote matatu, cheki namba, kituo cha mwisho, akasema faili langu limekwama na linahitaji shilingi laki tatu ili lisogee, nitume kwenye namba hii. Sauti ilikuwa ya mtu msomi, mwenye adabu. Moyo wangu ulikwenda mbio, na nakiri mkono ulishafika kwenye menyu ya kutuma pesa. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe namba ya chumba chako, kesho nakuja." Akakata. Kesho yake nilipanda basi nikaenda kwelikweli, nikauliza dirishani. Faili halikuwa limekwama. Nauli ya basi ilikuwa elfu kumi na nne.

Fedha zikiingia, zikalishe kwanza. Nilizikalisha miezi sita bila kuanzisha chochote, na hiyo ndiyo miezi niliyoletewa wazo la Hiace, la kuku wa mayai, la mashine ya kusaga, na watu ninaowapenda. Kuwakataa ndugu ni kazi nzito kuliko kuongoza wilaya. Niliwajibu kwamba sitaweka fedha kwenye kazi ambayo sijaifanya kwa mikono yangu. Sehemu niliweka UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, sehemu nikaingiza kwenye tangawizi, zao la kwetu Mamba. Na tangawizi sikuianza kwa mkupuo: likizo zangu tatu za mwisho nilizitumia shambani, nikajifunza zamu ya maji ya ndiva, bwawa la asili la kumwagilia, nikapoteza msimu mmoja kwa ugonjwa wa kuoza mizizi wakati bado nina mshahara wa kuufidia.

Kadi ya bima ya afya ya mstaafu ifuatilie mapema, inamhudumia mstaafu na mwenza wake. Watoto hawamo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia. Miezi minne baada ya makabidhiano nilirudi ofisini kufuatilia fedha za kusafirishia mizigo. Kijana wa mlangoni alikuwa mpya, hakunijua, akaniambia kwa heshima, "Mama, subiri hapo kwenye benchi." Nikakaa. Lilikuwa benchi lile la walimu, nililolipita kila asubuhi kwa miaka tisa. Halina mgongo wa kuegemea. Ikifika saa nne jua linaingia moja kwa moja machoni, na hakuna pa kulikwepa. Mwalimu mjamzito alikuwa amekaa pembeni yangu, ameshika kiuno. Nilikuwa nimepanga nani aonwe kwanza na saa ngapi, nikajisifu kwa hilo, na siku hata moja sikuwahi kulikalia. Nilipoonana na aliyenirithi, shida yangu ilikuwa ya pili. Ya kwanza nilimwomba mabenchi mawili yenye mgongo na bati nne za kivuli. Ameweka. Nanyi mlio ndani ya ofisi, kesho kalieni benchi lenu saa moja nzima, saa nne hadi saa tano.

Yule binti wa kata alinipigia tena Ijumaa. Ameanza na shule iliyo mbali kuliko zote, amewafunika watoto kumi na watano, saba wamesoma kiganja. Ameniuliza amwambie nini mwalimu wao, nami nimemwambia asimwambie kitu bado, arudi Jumatatu na kadi za silabi wakae wote wawili darasani.

Mwenzangu naye ameomba ruhusa ya siku mbili, amelifungua jalada lake. Barua ya ajira ipo. Barua ya kuthibitishwa ya mwaka 1991 haimo. Shule yake ya kwanza iko ng'ambo ya mto Malagarasi, na basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia akifika aulize kwanza kama kabati la zamani bado lipo.